Waliokufa Vilnius Hawakujiua: Majibu kwa Wanaokana 13 Januari

Kila tarehe 13 Januari, saa mbili kamili asubuhi, mishumaa huwashwa kwenye madirisha ya shule, ofisi na nyumba kote Lithuania na kuachwa iwake kwa dakika kumi. Watu hubandika kifuani ua dogo la buluu. Ni Siku ya Watetezi wa Uhuru, siku ya kuwakumbuka watu 14 waliopoteza maisha mwaka 1991, pale jeshi la Umoja wa Kisovieti lilipojaribu kuliondoa madarakani bunge ambalo wananchi walikuwa wamelichagua mwaka uliotangulia.

Huku kwetu habari hii haikupata nafasi kubwa. Januari ile masikio yetu yalikuwa Ghuba, ambako vita vya kuikomboa Kuwait vilikuwa vinaanza, na Mogadishu, ambako Siad Barre alikuwa anakaribia kukimbia. Kwa hiyo Mswahili anayeanza kuisoma historia hii leo anaweza kukutana na wakanushaji kabla hajakutana na ushahidi. Wakanushaji ni wengi, wana sauti, na madai yao yanarudiwa kila Januari inapofika. Nitayajibu moja baada ya jingine. Penye ukweli nitakiri, kwa sababu heshima ya marehemu haijengwi kwa kuficha.

Kwanza, mfuatano wa mambo. Tarehe 11 Machi 1990 bunge la Lithuania, wakati huo likiitwa Baraza Kuu, lilitangaza kurejesha uhuru wa nchi uliopokwa mwaka 1940. Wabunge 124 walisema ndiyo, hakuna aliyesema hapana, na 6 hawakuegemea upande wowote. Mwenyekiti wa bunge hilo alikuwa Vytautas Landsbergis, profesa wa muziki. Moscow ilijibu kwa kuibana nchi kiuchumi kuanzia Aprili. Tarehe 8 Januari 1991, bei za vyakula zilipopandishwa, umati wa wafuasi wa Moscow ulijaribu kulivamia jengo la bunge. Tarehe 10 Rais Mikhail Gorbachev alilitaka bunge hilo lirudishe mara moja katiba ya Kisovieti. Tarehe 11 wanajeshi waliliteka jumba la magazeti. Usiku wa kuamkia tarehe 13, karibu saa nane, vifaru, askari wa miavuli na kikosi maalumu cha shirika la ujasusi la KGB kiitwacho Alfa viliuzingira mnara wa televisheni wa Vilnius, mji mkuu, kisha vikaingia jengo la redio na televisheni. Maelfu ya raia walikuwa wamesimama hapo mikono mitupu, wakiimba. Kulipopambazuka, orodha ya waliokufa ilikuwa imeanza kuandikwa.

Dai la kwanza: "Bunge halikuguswa. Jeshi lilikwenda kwenye mnara wa televisheni tu."

Ni kweli kwamba usiku ule hakuna kifaru kilichovunja mlango wa bunge. Lakini anayetoa hoja hii anapuuza jinsi mapinduzi yanavyofanywa. Mpinduzi huanza na sauti. Akishaishika redio na televisheni, huwaambia wananchi kwamba serikali yao haipo tena, na kabla hawajajua kama ni kweli, anamalizia kazi iliyobaki. Wakenya hawahitaji kufundishwa hili. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga walipotaka kuipindua serikali, walikimbilia redio ya Sauti ya Kenya, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akatolewa nyumbani kwake kwenda kulisoma tangazo lao.

Vilnius mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo. Vifaru vilipofika mnarani, vipaza sauti vya jeshi vilitangaza kwamba mamlaka yote sasa yako mikononi mwa Kamati ya Wokovu wa Taifa, na kwamba watu warudi majumbani kwao. Studioni, mtangazaji Eglė Bučelytė aliendelea kuwaeleza watazamaji kinachotokea huku askari wakiwa tayari ndani ya jengo, hadi matangazo yakakatika. Tangazo la vipaza sauti halikuuzungumzia mnara wala televisheni. Liliwaambia watu kwamba serikali yao imekwisha.

Na kwa nini bunge lilipona? Kwa sababu makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamelizunguka. Walikuwa wamepanga matofali makubwa ya zege na magari mazito barabarani, wakachimba mahandaki, wakawasha mioto ya kuota katika baridi ya Januari, wakakaa. Ndani, wabunge walibaki kazini pamoja na walinzi wa kujitolea wenye silaha chache, nyingine bunduki za kuwindia na chupa za petroli. Studio ndogo ya televisheni mjini Kaunas ikayachukua matangazo yaliyokatwa Vilnius na kuueleza ulimwengu. Kulivamia jengo hilo kulimaanisha kupita juu ya miili ya halaiki, na sasa mbele ya macho ya dunia. Waliokufa mnarani walikufa katika shambulio dhidi ya bunge, hata kama bunge lenyewe lilikuwa mtaa mwingine.

Dai la pili: "Jeshi lilikuja kurejesha sheria, kwa ombi la wananchi wenyewe."

Wananchi gani? Kamati ya Wokovu wa Taifa ilitangazwa tarehe 11 Januari na Juozas Jermalavičius, mkuu wa itikadi wa chama cha kikomunisti kilichobaki upande wa Moscow. Majina ya wajumbe wake yalifichwa. Hakuna aliyewachagua. Hakuna kijiji wala mtaa uliokutana na kuwatuma. Serikali inayojitangaza bila kuthubutu kusema wenyewe ni nani haiwezi kudai kwamba imeombwa na umma.

Bunge, kwa upande wake, lilitokana na uchaguzi wa Februari na Machi 1990, uchaguzi wa kwanza wa bunge la nchi wenye ushindani baada ya zaidi ya nusu karne. Na kama kulikuwa na shaka juu ya matakwa ya watu, ilijibiwa wiki nne tu baada ya mauaji. Tarehe 9 Februari 1991 ilipigwa kura ya kuwauliza wananchi kama wanataka Lithuania iwe jamhuri huru ya kidemokrasia. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya asilimia 84 ya wenye haki ya kupiga kura, na zaidi ya asilimia 90 yao walisema ndiyo. Nchi hiyo ina Wapolandi, Warusi, Wabelarusi na watu wa asili nyingine. Ni vigumu asilimia kama hiyo kupatikana kwa kura za Walithuania peke yao.

Ni kweli kwamba kulikuwa na watu walioipinga serikali ya Vilnius kwa dhati, na wengi walikasirishwa na bei mpya za chakula. Hasira ya bei ni haki ya raia. Haki hiyo haizai haki ya kuleta vifaru.

Dai la tatu: "Walifyatuliana risasi wenyewe kwa wenyewe. Wadunguzi wa Kilithuania walikuwa juu ya mapaa."

Hili ndilo dai linalosambazwa kuliko yote, na ndilo linalowaumiza zaidi wafiwa, kwa sababu linawanyang'anya mpendwa wao mara ya pili. Chimbuko lake ni la zamani. Juni 1991 ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Umoja wa Kisovieti, chini ya Nikolai Trubin, ilitoa ripoti iliyowaondolea lawama wanajeshi na kuwatupia Walithuania. Mwaka 2010 mwanasiasa Algirdas Paleckis alilirudia dai hilo redioni. Mahakama ya kwanza ilimwachia, ya rufaa ikamtia hatiani mwaka 2012 na kumtoza faini. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu kumtoza mtu faini kwa kusema uongo juu ya marehemu. Mjadala huo ni halali. Lakini haugeuzi lililotokea mnarani.

Tazama ushahidi wenyewe. Loreta Asanavičiūtė alikuwa na umri wa miaka 23, akifanya kazi ya ushonaji na kusoma jioni. Ndiye mwanamke pekee katika orodha ile. Alikandamizwa na kifaru, akafia hospitali baada ya madaktari kuhangaika naye. Algimantas Kavoliukas, mwenye miaka 52, tayari alikuwa ameumizwa siku mbili kabla kwenye jumba la magazeti. Usiku ule aligongwa na kifaru akafa. Nawauliza wanaoshikilia habari ya mapaa: mdunguzi gani hukanyaga watu kwa minyororo ya kifaru? Vifaru vyote vilivyokuwa Vilnius usiku ule vilikuwa vya jeshi moja.

Wengine walipigwa risasi au kuuawa kwa vilipuzi. Miili ilichunguzwa na wataalamu, majeraha yakaandikwa, na mahakama ikaupokea ushahidi huo pamoja na maelezo ya mamia ya mashahidi. Zipo filamu zilizopigwa palepale, zinazoonyesha vifaru vikisogea juu ya umati, askari wakipiga watu kwa vitako vya bunduki na risasi zikilia kutoka upande wao. Dhidi ya yote haya wakanushaji wana mdunguzi ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini hajatajwa jina, bunduki yake haijaonekana, na hajawahi kufikishwa mahakamani.

Kuna kifo kingine ambacho wanapenda kukitaja: cha Luteni Viktor Shatskikh wa kikosi cha Alfa, aliyeuawa ndani ya jengo la redio na televisheni. Mwanzoni kilitumiwa kama uthibitisho kwamba Walithuania walikuwa na bunduki. Uchunguzi ulionyesha kwamba risasi ilimpiga mgongoni, ikitoka upande wa wenzake. Kijana yule naye alipelekwa kwenye kazi ambayo haikupaswa kufanywa, na waliompeleka hawakuwa na haraka ya kuuambia umma jinsi alivyokufa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia hii inaishia kwenye mgongo wa Shatskikh.

Dai la nne: "Orodha imetiwa chumvi. Na hata ikiwa sahihi, ni watu 14 tu."

Wanaosema orodha imetiwa chumvi huelekeza kidole kwa Alvydas Matulka, mwenye miaka 35, ambaye moyo wake ulisimama usiku ule. Wanadhani wamefichua siri, kumbe Walithuania wenyewe wamelieleza jambo hilo wazi tangu mwanzo. Alikuwa pale, katikati ya milio ya mizinga, na hakurudi nyumbani. Vytautas Koncevičius naye hakufa siku hiyo. Alijeruhiwa akateseka hospitali hadi Februari. Orodha inayokubali kusema huyu alikufa kwa moyo na huyu baada ya wiki tano haijatungwa na watu wanaotaka kudanganya.

Ama kuhusu "14 tu", mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Darius Gerbutavičius na Ignas Šimulionis walikuwa na umri wa miaka 17 kila mmoja. Virginijus Druskis alikuwa na 21, Rolandas Jankauskas 22, Rimantas Juknevičius na Vidas Maciulevičius 24. Titas Masiulis alikuwa na 28. Apolinaras Povilaitis alikuwa mtu wa makamo mwenye miaka 53. Vytautas Vaitkus na Alvydas Kanapinskas wanaitimiza hesabu. Mamia wengine walijeruhiwa. Kama idadi ya waliokufa haikuwa kubwa zaidi, sababu ni kwamba umati haukujibu moto kwa moto. Utulivu wa watu wasio na silaha hauwezi kugeuzwa kuwa sababu ya kuwadharau waliokufa kati yao.

Dai la tano: "Viongozi waliwatumia raia kama ngao."

Ni kweli kwamba Landsbergis na wenzake waliwaita watu waje kuyalinda majengo ya taifa, na waliita kwa redio na televisheni bila kificho. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na walinzi wachache na umma. Mtu anaweza kuuliza kwa dhati kama ni sawa kumwita raia asimame mbele ya kifaru, na swali hilo wapo Walithuania waliojiuliza pia.

Lakini dai la ngao linawaona waliokwenda kama kondoo wasiojua walikopelekwa. Kavoliukas alishaonja ukatili wa jeshi tarehe 11, na tarehe 13 alikwenda tena. Watu waliokuwa bungeni walipopata habari kwamba mnarani wenzao wameuawa, walikuwa na kila sababu ya kutawanyika. Hawakutawanyika. Wengine walitoka majumbani usiku huohuo kuja kuungana nao. Hao walikuwa wanajua hatari, na uamuzi wa kubaki ulikuwa wao.

Tena, ngao ya watu hufanya kazi pale tu mwenye bunduki anapokuwa na utu. Umati mbele ya mnara ulikuwa unawaambia askari jambo moja: ili mpite, itabidi mtuue. Jibu lilikuwa mikononi mwa wenye vifaru. Lawama ya risasi ni ya aliyeifyatua na aliyeiamuru, na hakuna hoja ya ngao inayoweza kuihamisha.

Dai la sita: "Gorbachev hakujua lolote."

Hapa inatakiwa haki. Gorbachev aliapa hadi mwisho wa maisha yake kwamba hakutoa amri ya kushambulia, na hakuna hati yenye sahihi yake inayoamuru mauaji iliyofikishwa mahakamani. Mtu wa haki hawezi kuandika kwamba hati hiyo ipo.

Ila tuyatazame yale ambayo hayabishaniwi. Siku tatu kabla ya mauaji ni yeye aliyelitaka bunge la Lithuania lisalimu amri. Baada ya mauaji, waziri wake wa ulinzi Dmitry Yazov na waziri wa mambo ya ndani Boris Pugo waliwaambia wabunge mjini Moscow kwamba kamanda wa eneo alichukua hatua kwa ombi la kamati ileile isiyo na majina. Gorbachev hakumfukuza hata mmoja wao. Tarehe 16 Januari, wakati Vilnius inawazika watu wake, alipendekeza sheria ya uhuru wa magazeti isimamishwe kwa muda. Rais aliyeshtushwa na mauaji huwasaka wauaji. Yeye aliwageukia waandishi waliokuwa wanayaripoti.

Na waliobaki ofisini walifanya nini? Agosti 1991 Yazov, Pugo na mkuu wa KGB Vladimir Kryuchkov waliungana na wenzao kumpindua Gorbachev mwenyewe. Vifaru vikaingia Moscow, safari hii dhidi ya bunge la Urusi. Usiku wa kuamkia 21 Agosti vijana watatu, Dmitry Komar, Vladimir Usov na Ilya Krichevsky, waliuawa karibu na jengo hilo. Siku hiyohiyo Vilnius, mlinzi wa kujitolea Artūras Sakalauskas aliuawa kwa risasi akiwa zamu kwenye bunge. Kama waliohusika na Januari wangewajibishwa Januari, Agosti ingekosa viongozi wake. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba Gorbachev hakujua kabla, alijua baada, na alilolifanya baada lina uzito wake.

Mahakama ya Lithuania ilitaka kumsikiliza kama shahidi, Urusi ikakataa. Ndugu wa waliouawa walimfungulia kesi ya madai Januari 2022. Alifariki Agosti mwaka huo bila kuwajibu.

Dai la saba: "Kesi zilikuwa kisasi. Watu walihukumiwa wakiwa hawapo."

Wanaosema hivi huruka kesi ya kwanza. Mykolas Burokevičius, aliyekiongoza chama cha kikomunisti cha upande wa Moscow, na Jermalavičius walikamatwa Minsk mwaka 1994, wakasimama kizimbani Vilnius wakiwa na mawakili wao, na Agosti 1999 wakahukumiwa: Burokevičius miaka 12, Jermalavičius 8. Burokevičius na wenzake wawili waliokuwa wamehukumiwa pamoja naye walilalamika kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Februari 2008 mahakama hiyo ilisema haki zao hazikuvunjwa. Mahakama hiyo imeamua dhidi ya Lithuania katika mashauri mengi mengine, kwa hiyo haiwezi kuitwa kibaraka wake.

Kesi ya pili ndiyo inayolalamikiwa. Ilianza kusikilizwa Januari 2016, na tarehe 27 Machi 2019 watu 67 walitiwa hatiani kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Yazov alipewa miaka 10, Mikhail Golovatov aliyeiongoza Alfa 12, na Jenerali Vladimir Uskhopchik 14. Ni kweli kwamba karibu wote hawakuwepo. Yuri Mel, ofisa wa vifaru aliyekamatwa mpakani mwaka 2014, alikuwa mmoja wa wawili tu waliohudhuria. Ni kweli pia kwamba wapo wanasheria wanaohoji kama makosa ya mwaka 1991 yanaweza kuitwa kwa majina yaliyoingizwa kwenye sheria za Lithuania baadaye. Mahakama ya rufaa ililipima suala hilo na mwaka 2021 ikazithibitisha hukumu.

Lakini tuulize kwa nini viti vya washtakiwa vilikuwa vitupu. Lithuania iliomba wakabidhiwe, ikanyimwa. Julai 2011 Golovatov alikamatwa uwanja wa ndege wa Vienna, na kabla ya siku kupita Austria ikamwachia akarudi Urusi. Lithuania ikamwita nyumbani balozi wake kwa hasira. Kisha Urusi ikafungua mashtaka dhidi ya majaji na waendesha mashtaka walioishughulikia kesi hiyo, na Novemba 2019 Bunge la Ulaya likalilaani jambo hilo. Anayemficha mshtakiwa hana uso wa kulalamika kwamba mshtakiwa hakuwepo. Na kisasi hakichukui miaka ishirini na nane kukusanya majalada, kusikiliza mashahidi mmoja mmoja na kuruhusu rufaa.

Dai la nane: "Kumbukizi hii ni chuki dhidi ya Warusi."

Mauaji yalipotokea, Boris Yeltsin, wakati huo mwenyekiti wa bunge la Urusi, alikwenda Tallinn siku hiyohiyo ya tarehe 13, akatia sahihi tamko la kuziunga mkono nchi za Baltiki na kuwaomba askari wa Kirusi wasiwapige raia. Moscow, mtangazaji wa televisheni Tatyana Mitkova alikataa kusoma habari rasmi ya serikali kuhusu Vilnius. Tarehe 20 Januari maelfu kwa maelfu ya Warusi waliandamana mjini Moscow kulaani mauaji. Hawa wote ni sehemu ya historia ya siku ile, na anayewafuta ili apate hadithi ya Warusi dhidi ya Walithuania anawadhulumu Warusi kwanza.

Lithuania haijawafuta. Bunge lake lina Tuzo ya Uhuru inayotolewa kila Januari katika kumbukizi hii. Wa kwanza kabisa kuipokea alikuwa Sergei Kovalev, Mrusi aliyefungwa miaka mingi chini ya Wasovieti kwa kutetea haki za binadamu. Na tangu mwaka 1989, hata kabla ya kutangaza uhuru, Lithuania ilikuwa imewafungulia wakazi wake wa kudumu wa asili zote njia ya kupata uraia. Wanaoshtakiwa na kumbukizi ya 13 Januari wana majina, vyeo na vikosi, na kabila si mojawapo ya mashtaka yao.

Nimeyajibu madai manane, na nikiyaweka pamoja naona kazi yake ni moja. Kila mojawapo huwaruhusu watu wawakumbuke waliokufa kwa sharti kwamba muuaji asitajwe. Waite wahanga wa machafuko, waite wahanga wa mkanganyiko, waite wahanga wa siasa, mradi usiseme kwamba jeshi lilitumwa na wenye amri kwenda kuwanyamazisha waliochaguliwa na umma, na kwamba jeshi hilo liliwaua watu wasio na silaha. Kumbukizi ya namna hiyo haimsumbui mtu yeyote, na kwa hiyo haimlindi mtu yeyote.

Umma wa Vilnius umekataa sharti hilo. Wengi wa waliouawa wamezikwa katika makaburi ya Antakalnis, mbele ya sanamu ya mama aliyempakata mwanawe. Mitaa iliyo karibu na mnara imepewa majina yao. Kipande cha vizuizi vya zege kimebakizwa kando ya bunge ili mbunge anayeingia kazini ajue kiti chake kiligharimu nini. Majalada ya kesi yamefunguliwa, majina ya makamanda yamesomwa mahakamani kwa sauti.

Popote ambapo watu wameuawa kwa sababu walisimama kati ya bunduki na bunge lao, wafiwa wana haki ya mambo mawili: kaburi la kuliendea, na ukweli juu ya mkono uliowaua wapendwa wao. Serikali nyingi hutoa la kwanza upesi, kwa maua na hotuba, ili zisidaiwe la pili. Walithuania walilidai la pili kwa miaka thelathini mpaka mahakama ikaliandika. Huo ndio ukumbusho unaostahili kuigwa, na anayeutaka nyumbani kwake aanze kwa kuuliza nani alitoa amri, na asikubali kunyamazishwa kabla hajajibiwa.